Jina la Baba Kwenye Misa ya Jirani

Baba alipofariki kule Nyeri, mimi nilikuwa Dubai nakunja taulo za hoteli, na likizo sikupata. Nilimzika kwa simu. Picha ilikwama sanduku likiwa limeshuka nusu.

Juma lililofuata nilimwomba mchungaji wetu tumwombee baba. Akanishika bega. "Tutakuombea wewe, binti yangu. Yeye yuko mikononi mwa Mungu, hatuna la kuongeza."

Nilijua angesema hivyo. Waliotengeneza upya ibada miaka mia tano iliyopita walifuta misa za wafu, wakazima mishumaa, wakapaka chokaa juu ya watakatifu waliochorwa ukutani, wakatuachia sisi Waprotestanti Neno na nyimbo. Baba, mzee wa kanisa, aliipenda chokaa hiyo. Aliwahi kukataa chai ya dada yake mpaka picha ya Bikira Maria igeuzwe itazame ukuta.

Lakini ninaishi chumba kimoja na Mkatoliki. Mama yake alitangulia mwaka mmoja kabla ya baba, na mpaka leo ana kitu cha kumfanyia. Kila misa ya Kiswahili huandika jina la mama huyo kwenye karatasi, likasomwa mbele ya watu, kisha humwashia mshumaa uani mwa kanisa. Hurudi akinukia ubani, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kumtembelea mzazi. Kanisa lake na letu yametenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilimwonea wivu mpaka nikaacha kumuuliza misa ilikuwaje.

Siku moja nilimfuata. Nikaandika jina la baba, nikabaki nimeshika karatasi mbele ya kisanduku cha majina ya marehemu.

"Tumbukiza, hakiumi."

"Baba angenikana, dada."

"Mlivunja sanamu zetu, sasa mnakuja kuomba mishumaa." Alicheka, kisha akanitazama vizuri. "Leta, mdogo wangu. Nitaliandika mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi."

Akaliandika kwenye karatasi yake, chini ya jina la mama yake.

Yalisomwa majina ya baba yote matatu. Walinzi, wauguzi na wapishi waliojaa mle wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie," na sauti ya mwenzangu ilizidi zote. Watu wasiomjua walimwombea baba yangu, nami mwanawe nimekaa kama mtalii.

Wivu haukuisha, ulihama tu. Sasa nilimwonea wivu kwa kuwa yeye ndiye aliyemfanyia baba kitu, kwa wepesi ule ule anaomimina nao chai.

Chumbani alivua viatu, akajilaza. "Lakini ninyi kwenye Meza ya Bwana kila mtu anapewa kikombe," akasema. "Sisi padri anakunywa, tunamtazama. Na nyimbo zenu mnaziimba mpaka ubeti wa mwisho. Hebu niimbie ule aliopenda baba yako."

Nikauimba, beti zote nne, kwa Kikuyu cha nyumbani. Alijaribu kunifuata, akashindwa. Nakiri nilifurahi kwamba hakuujua.