Kwa Mama Mkwe ni Karibu

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na kwa miaka hiyo yote niliichora milima ya Uluguru ubaoni kwa chaki, mistari yake ya kontua imejipanga safi, bila kuikanyaga hata siku moja. Nakaa Mwembesongo, mjini, chini yake. Milima naiona kila asubuhi nikipiga mswaki uani. Mke wangu amezaliwa huko juu na mama yake bado anaishi huko, lakini mimi ni mtu wa Tabora, na kwetu kitu kirefu kuliko vyote ni kichuguu.

Kila likizo ya Desemba niliipakia familia kwenye treni tukaenda kwa wazazi wangu. Mke wangu akiuliza, "Na kwa mama yangu je?" najibu, "Mbali mno, labda mwakani." Tabora, ambako treni ilitulaza njiani, haikuwa mbali. Kijiji kilicho juu ya Mkuyuni, ambako mtu anaondoka stendi asubuhi akafika mchana, ndicho kilikuwa mbali. Halafu nalipwa mshahara kwa kufundisha ramani! Isitoshe, Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo wanangu ni watu wa milimani kabisa, nami nilikuwa nawapeleka Tabora kama mtu anayetembeza ng'ombe wa jirani.

Mama mkwe hakuwahi kulalamika. Alishuka yeye, kila mwaka, ndizi kichwani na mdalasini umefungwa kwenye pindo la kanga. Nikimuuliza kama hajachoka, anacheka. "Nichoke nini, baba? Kwangu ni karibu tu." Nami nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini. Sasa miguu imemgomea, hashuki tena.

Nilipostaafu, watoto wakasema mimi na mama yao tuchague pa kwenda kupumzika. Mimi nilikuwa nimeshachagua Zanzibar kimoyomoyo, hata kofia ya ufukweni nilishanunua mtumbani, ya ukili, pana kama ungo. Mke wangu akasema maneno mawili tu: "Kwa mama." Akatangulia kwenda kumsaidia maandalizi, kisha akanipigia simu kunipa maagizo. Mama amefuga jogoo kwa ajili yangu tangu akiwa kifaranga. Nisinywe hata chai.

"Miaka thelathini na sita tangu tuoane anasubiri kukupikia kwenye jiko lake," alisema. "Ukifika umeshiba, nitakuacha hukohuko."

Nilishuka Mkuyuni, bodaboda ikanipandisha mpaka njia ya magari ilipoishia, nikaanza kupanda kwa miguu, kofia kichwani, tumbo tupu kama nilivyoamriwa. Baada ya nusu saa magoti yakaanza kunisema. Mbele ya nyumba moja bibi kizee alikuwa anaanika karafuu. Nikamwamkia, nikamtajia jina la mama mkwe, nikauliza, "Kwake ni karibu?"

"Karibu, baba, karibu!"

Nikashukuru Mungu, nikaongeza mwendo. Sikumaliza hatua kumi, akanipigia kelele kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa.

"Mbona unapita? Si nimesema karibu?"

Nikarudi. Nikala magimbi mawili ya kuchemsha na kikombe cha chai ya mdalasini. Ningekataa, habari ingefika juu kabla yangu.

Mwalimu hakosei swali mara mbili. Nyumba ya pili nilimkuta mzee anachonga mpini wa jembe. Safari hii nikalipindua swali.

"Shikamoo, mzee. Bado ni mbali?"

"Marahaba. Mbali wapi! Karibu, karibu!" Na tayari alikuwa ananivutia kigoda. Nikala ndizi na maharage, nikiapa kimoyomoyo kutouliza tena maisha yangu yote.

Nyumba ya tatu niliamua kupita kimya, kofia nimeishusha mpaka puani. Kofia hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Mlima mzima hakuna mwingine mwenye nayo, na bibi wa karafuu alikuwa ameshapiga simu.

"Mkwe wetu huyo! Karibu!"

Mwenye nyumba alikuwa mama wa rika langu. Alinikalisha mkekani, akanipakulia wali uliosimama mpaka ukawa na kilele. Nikaanza kuushuka taratibu, kontua baada ya kontua. Nilikuwa nusu mlima aliposema, "Hapo ulipokaa ndipo mama mkwe wako alikuwa analala."

"Analala lini?"

"Akija kwako. Gari la mjini lilikuwa linaondoka alfajiri, kutoka kwake asingeliwahi. Anashuka jioni na mzigo wake, analala hapa. Kesho yake akitoka mjini analala hapa tena, ndiyo anapanda. Hujui?"

Sikujua. Nilichokijua ni kwamba kila mara, sahani zikishatolewa, mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa. "Mama, usije ukakosa gari," nilikuwa namwambia, nikajiona mkwe mwenye kujali, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Siku tatu za njia, kwa mlo mmoja wa mchana kwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikamaliza wali wote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nilifika alasiri, viatu vimejaa tope jekundu. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani barazani, mke wangu pembeni yake. Harufu ya jogoo ilikuwa imetanda uani. Mke wangu alinitazama usoni, kisha tumboni.

"Umekula."

"Kidogo."

"Wapi?"

"Kote."

Mama mkwe akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Wamenipigia wote watatu. Kila mmoja anajisifu kwake umemaliza sahani."

Nilikuwa nimetunga visingizio njia nzima, na vilikuwa vizuri. Nikapiga magoti nikamwamkia, na visingizio vyote vikapotea. "Mama, nisamehe," nikasema. "Leo nimeiona njia yako."

Hakucheka tena. Alivitazama viatu vyangu, kisha akanitazama mimi.

"Kwani ni mbali?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelitoa kila Desemba, kwa binti yake, bila hata kufikiri.

"Hapana, mama. Ni karibu."

"Karibu," akasema, akasogea kunipisha mkekani. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mpakulie mumeo."

Nikala mapaja yote mawili.