Mgeni wa Darasa la Wadogo

Sikupata kusoma sana. Niliiacha shule kabla sijamaliza kitabu cha pili, wala sikufukuzwa. Ni kwamba kila lori lililopita nje nilitaka kujua linakwenda wapi. Miaka ya vita ilinikuta Changamwe nikipakua makaa ya mawe relini, kisha Likoni, ambako mzee mmoja alinifundisha kuezeka makuti. Vita vilipokwisha nikaja Kisauni, na sababu ilikuwa moja tu: sikuwa nimewahi kukaa Kisauni.

Huko, kwenye njia ya kwenda Mtopanga, palikuwa na shule ndogo ya misheni. Kuta zake zilikuwa za udongo, na paa lilikuwa limeoza hata mvua ikishaacha nje, ndani inaendelea. Wazee wa kanisa wakanipa kazi ya kuliezeka upya, kipande kwa kipande, maana hawakutaka masomo yasimame. Ndivyo nilivyokaa majuma kadhaa juu ya darasa la wadogo, miguu imepita katikati ya fito, nikisoma tena bila kuandikishwa.

Watoto walikuwa ishirini na kitu, wa miaka mitano, sita. Wengi walikuwa wana wa wakulima waliotoka pande za Rabai na Kaloleni, na wachache walikuwa wana wa makuli wa bandarini waliotoka bara ya mbali, ambao Kiswahili chao kilikuwa bado kichanga. Walikaa juu ya mikeka. Mbele yao palikuwa na sinia za mchanga wa kuandikia kwa kidole, kikapu cha kokwa za ukwaju za kuhesabia, na rundo la vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vikang'aa.

Mwalimu wao alikuwa binti mwembamba asiyezidi miaka ishirini, na kwa kweli alikuwa hajawa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa na desturi ya kumpeleka kila mwanafunzi kwenye shule fulani akafundishe muhula mzima, na mkufunzi wake humfuata huko mara tatu, akakaa nyuma ya darasa na kutazama. Mara ya tatu ndiyo inayokata shauri. Akifaulu, ni mwalimu. Asipofaulu, anarudi kwao.

Mimi nilimwona ni mwalimu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeng'oa kuti bovu, na mjusi kafiri akaniponyoka, akaanguka pwaa! katikati ya mkeka. Watoto wakaruka huku na huku wakipiga mayowe. Nikangoja kukaripiwa. Yeye akachuchumaa karibu na mjusi kama aliyemwita mwenyewe.

"Ametujia na miguu mingapi?"

Mayowe yakapungua. "Minne!"

"Na mkia?"

"Umekatika, Bibi! Ule kule unacheza!" akapaza sauti msichana mmoja mwenye mapengo mbele.

"Haya, mkia unacheza bila mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

Wakamtafuta wote, wakatambaa chini ya meza, wakabishana kama alipanda ukutani au alitoka mlangoni, na kama mkia utaota tena. Somo la herufi likangoja. Mwishowe akainua uso kunitazama. "Fundi, ahsante kwa mgeni. Kesho tuletee wawili, tuwajumlishe."

Nilicheka karibu niteleze. Toka siku hiyo nilifanya kazi polepole kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa na njia yake. Hakuwa akiwaambia watoto jambo ambalo wangeweza kumwambia yeye. Akitaka wajue herufi, aliichora nusu kwenye mchanga, kisha akakuna kichwa mpaka mmoja ashindwe kuvumilia na kuimaliza. Mtoto mdogo kuliko wote, mwana wa kuli mmoja, alikuwa hasemi kabisa. Mwalimu hakumlazimisha. Kila asubuhi alimpa kazi ya kugawa vifuu, kimoja kwa kila mtoto, na mtoto akagawa kimya kimya bila kumruka mtu. Nilipomuuliza kwa nini huyo, alinijibu, "Anahesabu, kaka. Mdomo utafuata."

Mkufunzi alikuja mara ya pili nikiwa nimefika nusu ya paa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa papo hapo Kisauni, amefundisha watoto tangu kabla mimi sijazaliwa. Gauni lake lilinyooka kama lilipigwa pasi akiwa ndani yake. Alikuwa na mwavuli mweusi alioutumia kama fimbo. Nilimwamkia kutoka juu, "Shikamoo, Bibi," akaitika "Marahaba" bila kutafuta sauti imetoka wapi.

Siku ile mwalimu wangu aliharibikiwa. Aliingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kusema. Alieleza, akajibu maswali yake mwenyewe, akaeleza tena. Watoto wakamtazama kama mtu wasiyemjua. Mkufunzi alipoondoka, binti akaja kusimama kivulini, chini ya upande niliokuwa nafunga.

"Mwalimu," nikamwita, "mbona yule bibi hakucheka hata kidogo?"

"Hakuja kucheka, kaka. Amekuja kunipima."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Sasa najua wewe unajua nini. Watoto wako wanajua nini, sijui.'" Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Akija tena asiposikia sauti zao, basi. Na hataki niwafundishe la kusema kabla. Ameniambia kasuku wako wengi, hahitaji kuja mpaka Kisauni kuwaona."

Nikaendelea kufunga kamba.

Siku moja kabla mkufunzi hajaja mara ya tatu, mwalimu akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye heshima angelifanya. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa akina mama. Wengine niliwasikia kwa masikio yangu, maana walikuwa kisimani nyuma ya shule. Akawaamkia mmoja mmoja, akawaambia: mkubwa wangu anakuja kesho, nawaomba mnisaidie, watoto waje safi na waje na adabu.

"Usijali, mwanangu," akasema mama wa yule mwenye mapengo, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. "Huyu wangu nitamsugua mpaka mgeni ajione usoni mwake."

"Na msiba ule wa mapengo utauficha wapi?" mwenzake akamtania.

"Atafunga mdomo, ndiyo dawa!"

Wakacheka wote, na mwalimu akacheka nao, akashukuru, akaenda zake.

Wallahi, walimsaidia. Asubuhi ile watoto walifika wamepakwa mafuta ya nazi, nywele zimechanwa, mashati yamekazwa kwa vishikizo mpaka shingoni. Mkufunzi akaingia. Wote wakasimama mara moja. "Shikamoo, Bibi!" Sauti moja, nzuri. Akaitika. Wakakaa, wakakunja mikono kifuani, wakafunga midomo.

Mwalimu akamwaga kokwa za ukwaju kwenye mkeka. "Nani atanichagulia tatu?"

Kimya.

Akatabasamu, akamtazama yule mwenye mapengo. "Mama, hizi ni ngapi?"

Mtoto akamtazama mwalimu, akamtazama mgeni, akainamisha kichwa. Mwalimu akamuuliza mwingine, na mwingine. Mmoja alifumbua mdomo, jirani yake akamfinya. Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani mwalimu naye alielewa wakati uleule, maana alisimama wima kama aliyemwagiwa maji. Adabu aliyoiomba kisimani ilikuwa imekuja yote. Kila mama, kwenye kila nyumba, alikuwa amemwambia mwanawe lile ambalo mama wa pwani humwambia mtoto tangu anyonye: mbele ya mgeni mkubwa, mtoto hasemi.

Nyuma, mkufunzi alikuwa ameegemeza mikono miwili juu ya mwavuli, akingoja. Nilitaka kuangusha mjusi. Nilitazama kwenye fito kama nitampata mmoja.

Niliona mwalimu akifumbua mdomo, na nikafikiri: sasa ataanza kusema, atasema mpaka mwisho kama siku ile. Akaufunga. Akaziacha kokwa pale zilipo, akapita katikati ya mikeka, akatoka nje.

Watoto wakageuza vichwa wote. Mkufunzi naye.

"Hodi!" ikaja sauti ya mwalimu kutoka nje ya mlango.

Nilimwona yule mwenye mapengo akishtuka. Aliambiwa asiseme mbele ya mgeni. Lakini hodi ni hodi, na hakuna mtoto wa nyumba yenye heshima anayeiacha ikaning'inia mlangoni.

"Hodi wenyewe!" akarudia mwalimu.

"Karibu!" likalipuka darasa zima.

"Starehe!" Akaingia, kanga kaitupia kichwani kama mtu aliyetoka safari. "Hamjambo, wenyeji? Nimetoka mbali na watu wangu, jua limetuchoma. Hamna maji hata kidogo?"

Watoto watatu walikuwa tayari wamerukia vifuu. "Mmekuja wangapi?" akauliza mwenye mapengo, mikono kiunoni, sauti ya mama yake tupu.

"Mimi, na mume wangu, na watoto wawili. Wanavua viatu hapo nje."

"Basi vinne!"

"Na wa mgongoni?" akadakia mwingine. "Huyo hanywi?"

Mwalimu akapapasa mgongo wake. "Ala! Nilimsahau."

"Vitano! Leta kingine!"

Basi tena, nani angewazuia? Kulikuwa na waliotaka kupika, na waliosema mume apewe kikubwa, na waliopinga, na mmoja aliyeuliza wageni watalala wangapi kwenye mkeka mmoja. Kokwa za ukwaju zikawa wali. Waligawa, wakapungukiwa, wakarudishiana, wakagawa upya. Mwalimu alikaa tu, mgeni mwenye adabu, akipokea na kushukuru.

Nikageuka kumtazama mkufunzi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshika mwavuli wake na alikuwa akitoka mlangoni, hakuaga. Mwalimu naye akamwona, na kifuu kikatulia mkononi mwake. Watoto wakaona uso wake, na kelele zikakatika.

Kisha tukasikia, taratibu, sauti ya mtu mzima:

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Huyu alikuwa mgeni wa kweli, yule waliyeonywa.

"Karibu, Bibi," ikasema sauti nyembamba nisiyoijua.

Alikuwa yule mdogo kuliko wote, mwana wa kuli. Alikuwa ameshasimama, vifuu vimejaa mikononi, maana kazi ya kugawa ilikuwa yake. Mkufunzi akaingia, akaketi chini kwenye mkeka, gauni lake lililonyooka likakunjika. Mtoto akampangia vifuu vinne mbele yake.

"Niko peke yangu, baba," akasema mkufunzi.

Mtoto akavitazama. Akagusa kimoja kimoja kwa kidole. Akamwachia kimoja, akaviondoa vingine. "Hivi vitatu vitarudi."

"Mume wako yuko wapi?" akauliza mwenye mapengo.

Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono. Baadaye niliambiwa kwamba yule bibi hakuwahi kuolewa.

"Amechelewa," akajibu mkufunzi. Akafikiri kidogo. "Amechelewa sana."

"Basi tumwekee chake." Msichana akachukua kifuu kimoja mikononi mwa mdogo, akakiweka kando ya mgeni.

"Sasa viwili ndivyo vitarudi," akasema mdogo.

Mkufunzi akainua kifuu kitupu, akanywa, akapangusa midomo. Nilimwona akikaa hivyo muda, hana haraka, akitazama kile kifuu cha pili. Kisha akasema na mwalimu kwa sauti ya chini, lakini aliye juu ya paa husikia kila kitu.

"Somo ulilonionyesha asubuhi kwenye daftari lako lilikuwa kuhesabu kokwa mpaka kumi. Sikuliona."

"Ndiyo, Bibi. Sikulifundisha."

"Walikatazwa kusema, sivyo? Na mimi mama yangu angenikataza." Akatafuta mwavuli wake, mtoto akampa. "Umefaulu, mwalimu. Ukaandike somo ulilofundisha leo, wenzako chuoni nitawasomea. Na akina mama uwapelekee shukrani zangu. Waambie mgeni alipokewa."

Alimwita 'mwalimu', kwa mara ya kwanza. Binti akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtiririka, na watoto wakamzunguka wakiuliza ni nani aliyemfinya.

Mwenye mapengo ndiye aliyekumbuka. Akaelekeza kidole juu. "Na fundi je? Hakupewa maji."

"Fundi si mgeni," mwingine akambishia. "Fundi ni wa paa."

"Mwulizeni," akasema mwalimu, akijifuta.

"Fundi! Wewe ni mgeni?"

"Mimi kila mahali ni mgeni," nikasema.

"Basi mbona hupigi hodi?"

Nikapiga hodi kutoka juu ya paa. Wakaitika wote, hata mkufunzi. Nikateremsha kamba ya kufungia makuti, yule mdogo akafunga kifuu kwa mafundo mengi kuliko yaliyohitajika, nikakivuta taratibu kisigonge fito. Nikanywa mpaka mwisho. Nilipokirudisha, walikifungua, wakakiweka kwenye rundo, wakavihesabu vyote tena kwa sauti, kuona kama vimetimia.