Gauni la Mtoto wa Kiume

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, ndiyo maana nasita kuyaandika haya. Labda wengine waliokuwapo wangeyaeleza vizuri zaidi. Wakati wa Mwingereza nilikuwa nafagia zahanati moja huku Umatengoni, na kumtafsiria mama nesi wa Kizungu aliyetoka Ayalandi.

Siku moja dada yangu alimleta mwanawe kupimwa. Alikuwa ameshazika watoto wawili wa kiume. Huyu wa tatu ndiye aliyebaki, na kwa hofu dada alikuwa hapati usingizi. Nesi, nadhani kwa kutaka kumchangamsha, akatuonyesha picha ya kijijini kwao. Tulishtuka. Wanawake wamejitanda shali nzito za sufu kichwani, wako pekupeku, miguu imejaa tope! Mimi nilidhani Mzungu huzaliwa na viatu.

“Na huyu binti?” dada aliuliza, akigusa mtoto mwenye sketi pichani.

“Si binti. Ni kaka yangu, hapo ana miaka minane.”

Nilimwuliza nesi mara mbili kabla ya kutafsiri. Akaeleza kwamba kwao walisema viumbe wa vilimani huiba watoto wa kiume, basi akina mama waliwavika sketi ili wasitambulike. Bibi yake ndiye aliyeshikilia hayo. Nesi mwenyewe hayaamini. Hilo nalo nililitafsiri, ila kwa sauti ndogo. Sijui kama dada alilisikia, wala kama nilitaka alisikie.

Kesho yake mtoto alivaa gauni la maua. Kisimani wanawake walicheka: “Mama wee, umejifungua upya?” Dada akajitwika maji yake, akaondoka.

Siku ya tano shemeji alirudi kutoka ziwani na mzigo wa usipa wa kuuza. Akamwona mwanawe uani, kando ya kahawa iliyoanikwa. Mzigo ulimtoka begani, samaki wakamwagika.

“Nani amemfanya mwanangu hivi?”

Nikasema ni mimi, nikamweleza yote, hata lile la nesi kutoamini. Si mtu mkali, lazima niseme kweli, lakini siku ile nilingoja kofi.

Alichuchumaa, akamtazama mtoto.

“Hao wa Ayalandi huvaa mpaka lini?”

“Mpaka miaka kumi hivi, shemeji.”

Akafungua kifungo cha shingoni. “Hili linambana kwapani,” alimwambia dada. “Mshonee lingine. Liwe pana.”