Viroba Sita vya Marudio

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu ya Runzewe haina mwenzake, na mashimo ya dhahabu niliyafungua kwa mikono hii. Kwa hiyo nilipompeleka mke wangu, mimba ikiwa ya miezi mitano, kuona bustani ya yule mama, mwalimu mstaafu wa Ngokolo, Shinyanga mjini, sikwenda mikono mitupu. Nilipakia viroba sita vya marudio, ule udongo laini unaobaki tukishaosha dhahabu.

Bustani iko nyumbani kwake, ila Jumamosi geti liko wazi kwa yeyote. Shinyanga kavu ile, halafu unaingia unakuta mawaridi, mipapai, mchicha mnene, na maji yanatembea kwenye vifereji alivyochimba mwenyewe. Nilishusha kiroba cha kwanza, nikakifungua mbele ya mwenye bustani.

"Shikamoo mayu," nilimwamkia, yaani mama kwa Kisukuma. "Nimekuletea udongo ambao hapa mjini haupo. Hauna hata kokoto."

"Marahaba baba." Alichota kiganja, akausugua. "Udongo huu umetoka wapi?"

"Kwangu, tunakooshea dhahabu."

Akaurudisha kirobani, akaenda bombani kunawa. "Na hiyo dhahabu mnaikamata kwa zebaki?"

Wageni waliacha maua, wakatutazama sisi. Mzee mmoja akasema, "Tajiri kaleta sumu kwa viroba," wakacheka. Ulimi wangu ulishakaa tayari kusema hapana. Nani angejua? Lakini mke wangu hakucheka.

"Mayu," alisema, "nyumbani tumejaza huohuo bustanini. Mchicha ninaokula kila siku umeota humo." Akanigeukia. "Mjibu mama."

"Zebaki ipo," nilisema.

Kicheko kikaisha. Yule mama akamshika mke wangu mkono. "Usile tena hata jani. Nendeni hospitali sasa hivi, umwambie daktari umekula tangu lini. Na wewe baba, viroba vyako rudi navyo. Usivimwage njiani."

Nilivipakia mwenyewe, shati jeupe likaharibika. Mke wangu alikaa kiti cha nyuma, akihesabu miezi kwa vidole.

Hospitali walichukua damu, wakasema tusubiri majibu. Kwenye benchi aliniuliza kama nilijua. Nilijua zebaki inawadhuru wanaoichoma. Kwamba inaweza kupanda mpaka kwenye jani, hilo sikulijua. Nilimwambia hivyohivyo. Alirudia kuhesabu miezi kwa vidole.

Kesho yake niling'oa mchicha wote kabla ya chai. Majibu bado hayajatoka.