Kipima Mvua cha Baba

Mwaka tuliokula unga wa njano mvua iligoma, na baba ndiye aliyeajiriwa kusoma kipima mvua cha serikali. Mimi nilidhani kinatupimia mvua, kama mwenye duka anavyotupimia sukari, nikamimina humo kata ya maji kukionyesha tunataka kiasi gani. Alasiri hiyo mkaguzi akaja na vumbi lake, akakuta maji ndani. "Mzee, unachezea kipimo. Kazi huna."

Juzi huku ughaibuni, hapa Falls Church, mjukuu wangu, kichwa hasa yule, kanifungia varandani kifaa kinachopima hali ya hewa kila dakika. "Bibi, anua nguo, dakika ishirini mvua." Ikanyesha kweli. Kingekuwapo mchana ule, kingetaja hata dakika niliyomimina yale maji.

Baba aliniuliza mbele ya mkaguzi, "Mwanangu, ni wewe?"

"Si mimi, baba."

Akachuchumaa, ananuka tumbaku, akauliza tena taratibu.

"Si mimi, baba."