Alama Nyeusi kwenye Sakafu ya Mbao

Habari hii nimepewa na fundi viatu mwenyewe, Jumamosi iliyopita asubuhi, nilipompelekea kiatu changu kilichoachia soli. Binti yake alikuwapo, akawa anamsahihisha baba yake kila alipotia chumvi. Kwa hiyo kilichobaki hapa ni kile walichokubaliana wote wawili.

Saa tatu asubuhi. Binti anaruka kamba uani, na kila akiruka kichwa chake kinachomoza juu ya ukuta, kinazama, kinachomoza tena. Watoto wa jirani wamejipanga upande wa pili wakingoja kitokee ili wamsalimie. "Shikamoo Ngazi." Naye anaitikia vipandevipande, "Mara" akiwa juu na "haba" akiwa chini, na watoto wanaangua kicheko.

Ngazi si jina alilopewa na wazazi. Ni mtaa uliompa. Mtu akitaka kubadili balbu, au mpira wa mwanawe umekwama juu ya paa, anatuma ujumbe: niazimeni ngazi. Yeye anakwenda bila kinyongo. Anayelalamika ni baba.

"Ngazi za watu wengine zinaegeshwa ukutani," anasema huku akipaka gundi. "Yangu inakula sahani mbili."

Ngazi ana miaka ishirini na minane, na kazi yake ni kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara. Nalisema wazi kwa sababu hata majirani, baada ya miaka yote hii, bado wanamuuliza kazi yake ni nini hasa. Klabu inamlipa miezi minane ya msimu. Miezi iliyobaki anarudi kupanga mabati na ndoo za rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Si tajiri, na hajifanyi tajiri. Kodi ya nyumba inalipwa, na baba yake hashoni tena viatu usiku kwa taa hafifu.

Urefu kautoa kwa marehemu mama yake. Mchezo kautoa kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko, pale penye nguzo mbili na pete zisizo na nyavu. Alianza kwa kusimama pembeni na kuwarudishia wavulana mpira unapotoka. Siku moja walipungukiwa na mtu, wakamwambia aingie asimame tu, awe kama mti. Akaingia. Mti huo haukusimama.

Nilidhani wachezaji wote wanatoka kwenye viwanja kama hivyo. Ngazi akanikatalia. Katika timu yao mmoja alikuwa mrusha mkuki, mwingine alikuwa karani wa benki aliyeanza kucheza ili apunguze uzito, na yule mfupi anayegawa mipira alilelewa na kaka zake watano ambao hawakuwahi kumpa mpira bila kugombana. "Kila mtu kaingia kwa mlango wake, bibi," aliniambia. "Mimi wangu nusura unibamize puani."

Ilikuwa hivi. Alipokuwa na miaka ishirini, klabu ilitangaza majaribio ya wazi. Wakati huohuo mwenye duka la vifaa alikuwa amemwambia aanze kazi ya kudumu Jumatatu, na asipofika, nafasi anampa mtu mwingine. Majaribio yalikuwa Jumamosi. Akichaguliwa, Jumatatu ni mazoezini. Asipochaguliwa, ni mabati na rangi, na mchezo ungebaki wa jioni nyuma ya soko.

Tatizo lilikuwa viatu. Mguu wake hauna namba dukani. Raba za kiume zenyewe zilimbana mpaka kucha zikageuka rangi. Baba yake akasema hilo mwachieni fundi.

Akafunga kazi za wateja juma zima. Akakata ngozi nene, akaipandisha mpaka juu ya kifundo cha mguu, akashona uzi mara mbili. Chini akaweka soli ya tairi la gari. Tairi, kwa sababu kwenye saruji hakuna kinachodumu kama tairi. Fundi hakuwa amewahi kuona uwanja mwingine wowote, na binti pia.

"Nilimwambia hivi vitazikwa na wajukuu zangu," anakumbuka.

Ngazi akafika ukumbini. Sakafu ilikuwa ya mbao, imepakwa vanishi, inang'aa kama meza ya mtu mwenye mke mkali. Alisita mlangoni akitafuta pa kuvua viatu, mpaka akaona wenzake wanapita navyo.

Mambo hayakumwendea vizuri. Kwenye mbao mpira unadunda chini kuliko alivyouzoea, mikono ikawa inafika mapema. Alirusha mara nyingi, haukuingia hata mmoja. Kocha, mwanamke wa makamo aliyewahi kucheza mwenyewe, alikuwa ameketi upande wa pili akiwatazama wafungaji.

Katikati ya mchezo mtunza ukumbi akaingia na ufagio wake mpana. Akasimama ghafla, akainama. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani anayemchorea sakafu. Mchezo ukasimama. Wasichana wote wakaambiwa wanyanyue miguu aone soli, wakawa wameshikana mabega, kila mmoja kwa mguu mmoja kama korongo. Alipofika kwa Ngazi hakuhitaji kuinama sana.

"Dada," alisema, "huu ni ukumbi, si gereji."

Watu walicheka. Ngazi anasema hata yeye angecheka kama viatu vingekuwa vya mtu mwingine. Akavivua, akakaa kwenye benchi na soksi, akaangalia wenzake wakimaliza. Kocha akawashukuru wote, akasema atakaowataka atazungumza nao mmojammoja kabla hawajaondoka. Akazungumza nao. Kwake hakufika.

Hapo wengi wangeenda zao. Yeye akamwomba mtunza ukumbi kitambaa. Yule mzee akampa, na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko, akamwonyesha jinsi ya kusugua bila kuumiza vanishi. Ngazi akapiga magoti chini ya pete ya kwanza, akaanza.

"Sikuwa nalia," anasema.

"Ulilia," baba yake anamjibu.

"Nililia kidogo. Mafuta ya taa yanachoma macho."

Kocha alikuwa ameshatoka. Alirudi kufuata filimbi yake aliyoisahau kwenye kiti. Akaichukua, akageuka, na pale aliposimama, taa zikiwa zinaangaza sakafu kwa pembe, akaziona alama. Akamwambia msichana aache kwanza kusugua.

Sakafu nzima ilikuwa na mistari myeusi. Kutoka pete hii mpaka ile, kwenda na kurudi. Mingine mirefu, ya mtu aliyefunga breki akikimbia kurudi kuzuia. Mingine imejikunja chini ya pete, ya mtu anayezunguka kumziba mpinzani asipite. Mingine kwenye kona ambako hakuna mtu anayependa kwenda.

"Hizi zote ni zako?" kocha aliuliza.

"Ndiyo, kocha. Naomba radhi, nafuta zote."

"Kule kona ulifuata nini?"

"Kuna dada alikuwa anakimbia na mpira. Nikamfuata."

"Alifunga?"

"Hapana."

Kocha akaanza kutembea juu ya mistari polepole, akiuliza. Na hapa? Na huu uliopinda? Ngazi akamfuata na kitambaa mkononi, akieleza kila mmoja: huyu alitaka kurusha, nikamnyooshea mkono, hapa mpira ulikuwa unatoka nje, pale walikuwa wawili na mimi peke yangu. Walipofika mwisho kocha akasimama.

"Sikukuona ukifunga hata mara moja."

"Sikufunga, kocha."

"Wafungaji ninao. Jumatatu njoo. Viatu hivyo viache nyumbani."

Mwenye duka alipopewa habari alinuna, kisha akasema msimu ukiisha aje, kwa sababu hakuna mwingine anayefikia rafu ya juu.

Lakini nyumbani Ngazi alisema nusu tu. Alisema kachaguliwa. Ya viatu akayameza, maana baba yake alikuwa anarukaruka kibandani, akimwambia kila mteja kwamba ni soli zile. Basi kila siku akawa anatoka amevivaa, na mlangoni mwa ukumbi anabadilisha na kuvaa raba kuukuu za kiume, kubwa kuliko za dukani, alizoazimwa na klabu. Jioni fundi anavigeuza, anavitazama, anatikisa kichwa kwa fahari. Miezi inapita na soli haijalika hata kidogo. Akaanza kuwaambia mafundi wenzake.

Ukweli ulitoka mwaka uliofuata. Fundi aliamua kwenda kuangalia mechi bila kusema, akiwa na jozi mpya ya viatu vya tairi kwapani, zawadi. Mlangoni mtunza ukumbi akaviona, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee," alisema, "usiniambie ni wewe."

Wakazungumza. Fundi akaomba aione hiyo sakafu. Akaambiwa avue viatu. Akavua, na soksi yake ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba chote kilipita. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye mbao, akauliza kama huu ni uwanja au ni kabati. Kisha akakaa, akatazama mechi mpaka mwisho.

Nilimuuliza kama aliumia. Akapuliza vumbi kwenye kiatu changu.

"Nilimwambia, ungeniambia ningekata soli nyingine. Akanijibu, ulikuwa unafurahi sana, baba." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hapo nimgombeze vipi?"

Siku hizi raba za timu nzima zikiachia pembeni zinaletwa kwake. Vile vya tairi bado vipo. Ngazi anavivaa kwenda sokoni, na kweli havijalika.

Ana matumaini ya kucheza misimu mitatu au minne zaidi, goti likikubali. Kinachomkalia rohoni sasa ni wasichana wanaocheza siku hizi kwenye uwanja ule wa saruji, ambao mmojawao anafaa kabisa kwa majaribio yajayo. Ameshazungumza na mtunza ukumbi. Kuanzia wiki ijayo, Jumapili asubuhi, atawaingiza kumi, peku, wadundishe mpira kwenye mbao.

"Wasije wakaona mbao kwa mara ya kwanza siku ile wanayotazamwa," alisema. "Mzee kakubali. Kasema atakagua nyayo."

Mchana ukafika, na jioni kulikuwa na mechi. Ngazi akala, akaaga, akaingia ndani kulala, kwa maana wachezaji wanalala kabla ya mchezo, ni sehemu ya kazi. Zamani hilo lilimshinda baba yake. Mtu mzima, mchana kweupe, shuka mpaka kichwani.

Mteja akapita, akauliza binti yuko wapi.

"Yuko kazini," fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Akanikabidhi kiatu, akakataa kupiga msumari wa mwisho, akasema gundi itatosha mpaka Jumatatu. Akaweka nyundo juu ya kitambaa isigonge meza. Akaegemea ukuta, mikono tumboni, akakodolea macho barabara kama mlinzi, na kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu alikuwa ameshalala.