Matone ya Lehemu Chini ya Meza

Nakhisa ndiye aliyekuwa akifagia chumba cha mbele, kwa hiyo ndiye aliyeyaona matone kwanza. Yalikuwa madogo, ya kung'aa kama punje za mtama zilizochovywa fedha, yametawanyika chini ya meza ya baba mkwe wake. Ilikuwa lehemu. Miaka mitatu aliyokaa katika nyumba ile ya Ggaba, pembeni mwa Kampala, hakuwahi kuokota hata tone moja, maana Mzee Cleopas alipolehemu, lehemu ilikwenda pale alipoiambia iende. Sasa Jumatatu aliokota matano, Jumatano tisa, na wiki iliyofuata akaacha kuhesabu. Aliyafunga kwenye karatasi akayatupa mbali, kwa sababu Phelister, bintiye wa mwaka mmoja na nusu, hakuona kitu sakafuni asikitie mdomoni.

Hakumwambia mtu. Alianza tu kuitazama mikono ya mzee.

Mzee Cleopas alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alitoka Siaya akiwa kijana, akavuka Busia na mfuko wa nguo na bisibisi tatu, akaja Kampala kutengeneza redio. Mafundi wenzake baadaye walihamia kwenye simu. Yeye alibaki na amplifaya za valvu, zile za zamani, nzito kama tofali, ambazo ndani yake zina chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya makaa. Wenye nyumba za Nakasero, mtaa wa matajiri, walipofariki, watoto wao walizitupa nje pamoja na magodoro, na Cleopas alizileta nyumbani kwa boda, amezipakata kama mgonjwa. Alizifuta kutu, akazibadilishia vipuri vilivyokauka, akazirudishia sauti. Siku hizi waliozitupa ndio wanaozitafuta.

Jumapili wakitoka kanisani aliwasha moja na kuweka santuri. Nakhisa aliishia darasa la saba kwao Bungoma, na muziki aliujua wa redio ya jikoni. Lakini Jumapili ya kwanza katika nyumba ile alisikia kitu kilichomfanya aache kukata sukuma.

"Umesikia nini?" mzee alimwuliza.

"Huyo mama anavuta pumzi kabla hajaimba."

"Ehe. Simu inakupa wimbo. Hii inakuletea na mwenyewe, anakaa hapo kwenye kiti."

Siku hiyo hiyo alimwonya. "Hiki kitu ukiking'oa kwenye umeme, hakijalala. Hizi kapasita zinaweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Volti mia nne. Fundi aliyenifundisha Kisumu alikufa akiwa ameshang'oa plagi." Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote alichukua balbu yenye nyaya mbili, akagusisha ncha zake kwenye kapasita. Balbu ilimulika mara moja, ikazimika. Hapo mtungi umekwisha maji. Kisha alitia mkono wa kushoto mfukoni na kufanya kazi kwa wa kulia peke yake, ili umeme ukimshika usipate njia ya kupita moyoni.

Kazi ya namna hiyo, na mkono unatetemeka.

Jirani yao Goretti, muuza samaki, aliuona pia. Alimkuta Nakhisa akianika nguo.

"Nnyabo, mukono ya muzee iko natetemeka. Niliona akishika kikombe."

"Ni uzee tu, Mama Goretti."

"Uzee inatetemesha kichwa. Hii ya mukono, sisi Baganda tunaita obuko, ugonjwa ya ukwe. Mukwe amegusana na mukwe." Akacheka. "Ulimugusa?"

Nakhisa alicheka naye, lakini kanga moja aliianika mara mbili. Hata kwao mkamwana hampi baba mkwe mkono. Kitu huwekwa mezani, mwingine akakichukua. Waluo, watu wa mume wake, walishika mila hiyo hiyo. Na mwezi wa pili, Phelister aliposhikwa na degedege, Nakhisa alimpokonya mtoto mikononi mwa mzee kwa nguvu, na vidole vyao vilikutana. Mwezi wa tatu akaanza kuokota matone. Alilaza hesabu hiyo kifuani, ikakaa hapo kama jiwe.

Angemwambia mume wake? Odera aliuza vipuri vya magari mjini na alimpenda baba yake kwa ukali. Mwaka jana mzee alipopigwa na umeme kidogo, Odera alisema, "Akipigwa tena nampandisha basi. Arudi Siaya akachunge kuku." Na Odera alikuwa mtu wa kusema akatenda. Huko Siaya ilibaki nyumba tupu na kaburi la mama yake Odera. Mzee angeketi barazani na mikono yake bila kitu cha kuishikisha. Basi Nakhisa akisema, mzee atakwisha taratibu. Akinyamaza, atakwisha kwa kishindo. Kila mara chumba cha mbele kilipokuwa kimya sana alitoka jikoni kwenda kuchungulia.

Jumanne saa sita mchana alichungulia akiwa na sahani ya chakula, Phelister amemshika gauni. Mezani palikuwa na amplifaya ya Mzee Oyat, askari polisi mstaafu wa Mbuya, imepinduliwa tumbo juu. Mwenyewe alisema angeifuata Jumamosi. Cleopas aling'oa plagi, akachukua balbu. Ncha ya waya ilicheza hewani, ikaparuza ukingo wa bati, ikateleza. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na mzee alikunja macho, akatikisa kichwa kama aliyeona balbu imemulika.

Balbu haikuwaka. Nakhisa aliona. Alifungua mdomo, kisha akawaza: mimi ni nani nimsahihishe fundi wa miaka hamsini? Kwa muda ule ule wa kumeza mate, mzee aliingiza mkono.

Ulitoka mlio kama kuni kavu inavyovunjwa gotini. Mzee alirushwa nyuma pamoja na kigoda chake, kichwa kikagonga rafu, akaanguka ubavu. Sahani ilimponyoka Nakhisa. Alimdaka mtoto kwa mkono mmoja, akakimbia hatua mbili, akasimama. Mbele yake alilala mtu ambaye yeye hakujua kama yu hai, na mikono yake mwenyewe ilikataa kumwendea, kwa sababu ilishamgusa mara moja na ndiyo haya. Akavuta leso mabegani, akaizungushia viganja, akapiga magoti, akamgeuza.

Kifua kilipanda. Mzee alifumbua macho.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye, Baba."

"Hajagusa?"

"Hajagusa."

Aliitazama leso iliyofunika viganja vya Nakhisa, akarudisha macho darini. "Odera asijue," alisema.

Jioni Odera aliuliza lile nundu la kisogoni limetoka wapi. "Rafu," mzee akajibu. Nakhisa alikaza macho kwenye sufuria, na hakusikia ladha ya alichokula.

Kesho yake vidole vya kulia vya mzee havikuweza hata kushika chuma cha lehemu. Alikuwa amekiweka mbele yake anakitazama. Nakhisa aliweka chai mezani, hakuondoka.

"Baba, jana balbu haikuwaka. Niliona."

"Uliona?"

"Niliona nikanyamaza. Na huku kutetemeka nimekuletea mimi. Siku ile ya degedege nilikugusa."

Mzee alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo umefundishwa na Goretti."

"Usicheke, Baba."

"Sikuchekei wewe." Alijifuta macho. "Mama Phelister, hii mikono ilianza kabla Odera hajakuleta hapa. Siku ya kumzika mama yake nilichota mchanga, ukamwagika wote kabla sijaufikisha kaburini. Watu wakasema, tazama alivyompenda. Nikawaacha waseme. Miaka minne naificha. Nilianza kulehemu mkiwa mmelala, ili kama ni kumwaga nimwage peke yangu na kuokota mwenyewe; siku hizi yananishinda."

Jiwe liliondoka kifuani kwa Nakhisa, na mahali pake pakaingia lingine, kubwa zaidi: basi haikuwa laana ya kuombewa ikatoka. Isingepona. Ingezidi.

"Niambie niweke wapi," alisema.

"Uweke nini?"

"Hicho chuma. Mikono yangu haitetemeki."

"Itatetemeka ukifika ndani. Unataka nimwambie nini Odera, kwamba nimekukaanga?"

"Basi itatetemeka. Lakini balbu isipowaka, safari hii nitasema."

Mzee alikunywa chai yote, kisha akakisukuma chuma cha lehemu upande wa Nakhisa. Alikuwa anaogopa. Nakhisa hakuwahi kuiona hofu katika uso ule, hata siku ya degedege.

Walikaa kila mtu upande wake wa meza. Kati yao walitandika kitambaa, na chombo kiliwekwa kitambaani, mwingine akakichukua. Mzee alionyesha kwa kijiti cha mshikaki. Phelister alipelekwa kwa Goretti, aliyeuliza maswali matatu na kujibiwa moja. Jumatano na Alhamisi Nakhisa alijifunzia kwenye amplifaya iliyokufa zamani, akaunguza kidole, akamwaga matone yake mwenyewe. Ijumaa walivuta ile ya Mzee Oyat. Gauni lake halikuwa na mfuko, kwa hiyo mkono wa kushoto aliuchomeka nyuma, ndani ya mkanda wa leso. Kila kapasita aliimaliza kwa balbu mara mbili, akapima mara tatu, na bado alipoingiza vidole kati ya zile nyaya alihisi nywele za shingoni zinasimama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Pumua," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Usipopumua utaanguka juu yake."

Jumamosi saa nne walikuwa wamebakiza kiungo kimoja. Siku hiyo Odera alifunga duka mapema, kwa sababu umeme ulikatika mjini. Aliingia bila hodi, nyumba ikiwa yake, akamkuta mkewe mkono mmoja mgongoni, mwingine tumboni mwa amplifaya, na baba yake ng'ambo ya meza na kijiti.

Midomo ya Odera ikabadilika rangi. "Toa mkono," alisema.

Nakhisa hakuuchomoa kwa pupa, maana anayechomoa kwa pupa ndiye anayegusa. Aliutoa polepole, akaulaza juu ya kitambaa.

"Baba, unataka kuniulia mke?"

Mzee aliweka kijiti chini, akamwambia yote: balbu ya Jumanne, rafu, mchanga wa kaburini. Hakupunguza kitu. "Ulisema basi," alimaliza. "Sina hoja. Lakini hii imebaki kuwashwa tu. Acha niisikie, ndipo unipandishe."

Odera alimgeukia mkewe. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Huogopi?"

"Sijaacha kuogopa hata dakika moja."

"Sasa kwa nini?"

"Akiwa Siaya nitaogopa hivi hivi," Nakhisa alisema, "na nitakuwa simwoni."

Odera alisogea hadi ukutani, akachuchumaa kwenye soketi, akaweka kidole gumba juu ya swichi.

"Maliza," alimwambia mkewe. "Na kuanzia leo hakuna anayeingiza mkono humo kama sijakaa hapa."

"Utaacha kazi?" mzee aliuliza.

"Mtatengeneza Jumamosi mchana. Na Jumapili."

"Jumapili ni ya kusikiliza."

"Basi Jumamosi, Baba. Usinichokoze."

Nakhisa alilehemu kiungo cha mwisho. Hakuna kilichodondoka. Waliigeuza, wakapachika valvu moja moja, na mzee akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. Odera akabonyeza.

Hakuna kilichotokea kwanza. Kisha ndani ya kioo kikaonekana kiuzi chekundu, kikakolea, na cha pili, na cha tatu. Vumbi la zamani lilianza kuungua na kutoa harufu, Odera akakaza kidole. "Ni vumbi," mzee akasema. "Ngoja." Spika zikanguruma kidogo, zikatulia. Nakhisa aliteremsha sindano kwenye santuri. Yule mwanamke wa Jumapili ile ya kwanza akavuta pumzi, akaimba.

Mzee Cleopas alifumba macho, mikono inacheza magotini, hakujaribu kuificha. Nakhisa alibaki wima karibu na meza, akinusa hewa.

Wimbo ulikuwa katikati Mzee Oyat alipobisha hodi mlangoni, akabisha tena. Hakuna aliyeinuka. Odera alikuwa bado amechuchumaa, kidole gumba juu ya swichi, anaitazama valvu moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu watoto ndani ya mtumbwi.